Kipandio Alichokuwa Aking'oa Berting

"Umeking'oa tena," Manang Susing alisema, mwamvuli wake ukimwaga maji juu ya gunia langu la mchele.

"Nimeking'oa, ndiyo. Na kesho kikirudi nitaking'oa tena," Berting alijibu bila kugeuza shingo. "Siishi kwenye nyumba yenye ngazi ya namna ile."

"Huishi humo, shemeji. Hiyo ni picha. Nyumba yako iko kule mlimani haina paa, mke wako hajulikani amefungiwa wapi, na wewe umekaa dukani kwa Lola unang'oa vipandio kwenye kioo."

"Manang, punguza sauti. Nahesabu."

Lola ni mimi. Nilikuwa nyuma ya kaunta nikipanga dagaa wakavu, nikawaacha waendelee, kwa sababu watu wakigombana dukani wapita njia husimama, na wakisimama hununua kahawa. Susing ni dada mkubwa wa Lita, ndiyo maana Berting humwita Manang, na Lita ni mke wa Berting. Susing anauza wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mnazi, na ulimi wake unaweza kuufungua huo wali bila mikono.

Mbele ya duka langu kuna mashine tatu za kompyuta ndani ya vibanda vya mbao. Unatumbukiza sarafu, kioo kinawaka. Mbili ni za watoto wa shule. Ya tatu, karibu na jiko, ilikuwa ya Berting. Aliikalia mvua nzima, na mvua ya mwaka ule haikuwa mchezo, kuku wangu walitaga mayai yanayoelea. Alikaa pale mpaka kiti kikaota majani, ikabidi kila Jumamosi nikipunguze matawi. Sarafu zilipomwishia nilitoboa moja, nikaifunga uzi, nikamfundisha kuitumbukiza na kuivuta tena. Mashine ni yangu. Nikiiibia, namwibia nani?

Niwaambie Berting ni mtu gani. Ni fundi wa mbao na zege, mfupi, kidole gumba kimepondwa na nyundo mpaka kimekuwa bapa kama kijiko. Ni mpole. Mbu humwomba ruhusa kwanza, naye huwapa. Lakini ukimgusa kwenye ngazi, anakuwa mtu mwingine. Kwetu ngazi huhesabiwa toka chini: dhahabu, fedha, kifo, dhahabu, fedha, kifo. Kipandio cha juu kabisa kisiangukie kifo, basi. Kila mwenye nyumba anajua, lakini Berting alihesabu hata ngazi zisizomhusu, za kanisa, za zahanati, za benki, kwa sauti, watu wakimpisha. Mwalimu mkuu alipojengewa ngazi mbaya na fundi wa mjini, Berting alikwenda na msumeno asubuhi bila kuitwa, akaongeza kipandio kimoja, akaondoka. Mwalimu alitoka na mswaki mdomoni akakuta ngazi imerefuka.

Nyumba yake mwenyewe aliijenga kwa kufuata kila kitu. Alichinja jogoo mweupe, damu akaimwaga kwenye mashimo ya nguzo, ngazi ikaishia fedha. Kimbunga kilikuja vilevile. Kililichukua paa zima bila kulivunja. Nililiona kwa macho yangu likipita juu ya duka, paka amekaa juu yake ametulia kama abiria aliyekata tiketi.

Ndipo Lita aliposema atakwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani mpaka wapate paa la zege. Berting hakusema ndiyo wala hapana. Alimtengenezea sanduku la mbao, akalipiga msasa siku nzima, na kwenye kituo cha basi akamwambia akaze kufuli. Hayo ndiyo maneno yake ya kumuaga.

Mwanzoni Lita alipiga simu kila Jumapili. Kisha mwajiri akaichukua simu. Kisha wale watu wakahama nyumba, na wakala aliyempeleka hakujua wamehamia wapi, au alijua hakutaka kusema. Kila Susing alipokwenda ofisini kwake alijibiwa maneno yaleyale: yuko salama, mkataba unaendelea. Kasuku wa jirani yangu ana maneno mengi kuliko yule wakala.

Kilichobaki ni gemu.

Mimi sikusoma, lakini gemu ile niliielewa kuliko mahubiri. Katika dunia ile hakuna mbele wala nyuma. Unaona kila kitu kwa ubavu, kama nyumba iliyopasuliwa kwa msumeno katikati, vyumba vyote wazi. Unakwenda kushoto au kulia, unapanda au unachimba. Mchana unakata miti, unavunja mawe, unajenga. Jua la humo likizama hutoka mazimwi, na asiye na kuta anatafunwa.

Dunia yenyewe ilikuwa mali ya binti mdogo wa mwajiri, mtoto aliyetaka kasri. Lita, wakati bado ana simu, alimwambia mtoto huyo kwamba mumewe anajua kujenga, naye akamfungulia Berting mlango. Aliweka sharti moja: atakayekufa ndani ya dunia yake anatupwa nje, harudi mpaka yeye mwenyewe amkaribishe. Na mama yake alikuwa amezima maandishi, mtoto asizungumze na watu asiowajua. Kwa hiyo humo huwezi kusema wala kuandika. Unajenga tu.

Berting alimjengea yule mtoto kasri ambalo ukilitazama unatamani kuvua viatu. Kando yake akajenga nyumba ya mbao inayofanana na ya kwao mlimani, jiko nyuma, dirisha upande wa upepo, ngazi toka ardhini. Lita alikuwa akiingia kwa kutumia kifaa cha mtoto, kama kimtu chenye gauni la manjano. Hakusema kitu, hawezi kusema. Alirukaruka mlangoni, akapanda ngazi, akasimama jikoni. Berting naye akaleta kimtu chake jikoni, wakasimama. Ndiyo ndoa yenyewe hiyo. Akitoka kwenye kiti ananiambia, "Leo alikaa sana, Lola," na anakula wali sahani mbili.

Halafu gauni la manjano likaacha kuja. Kimtu cha mtoto, chenye taji, kilionekana mara mojamoja kikizunguka kasri. Kwenye nyumba ya mbao hapakuwa na mtu, ila kila asubuhi Berting alikuta ngazi imeongezwa kipandio.

Sasa turudi kwa Susing na mwamvuli wake.

"Nani anakirudisha?" aliuliza.

"Mtoto yule. Anachezea."

"Anakiweka wapi?"

"Juu kabisa, palepale kila siku. Ngazi yangu inaishia fedha, yeye anaongeza kimoja, inaishia kifo. Naking'oa. Asubuhi kimerudi."

Susing aliufunga mwamvuli. Aliufunga polepole mno, nami nikaacha dagaa.

"Berting. Mtoto wa kule anajua kuhesabu dhahabu, fedha, kifo?"

"Atajulia wapi?"

"Sasa ndani ya nyumba ile anayejua ni nani?"

Mkono wa Berting ulibaki juu ya kipanya. Nimeshasema uongo mwingi katika maisha yangu, lakini hili si la kutia chumvi: uso wake ulikauka kama zege, ukionekana unaanzia masikioni.

"Ananiita," alisema. "Kila siku ananiita, na mimi namfuta."

Akaweka paji la uso kwenye kibodi. Kwenye kioo kimtu chake kikaanza kutembea, kikafika ukutani, kikaendelea kutembea palepale dhidi ya ukuta, miguu inakwenda haifiki. Susing hakumbembeleza. Hajui kubembeleza, hata vitoto vyake vilijinyamazisha vyenyewe.

"Inua kichwa, unabonyeza kitu. Rudisha kipandio."

Alikirudisha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani kwake kujenga ngazi inayoishia kifo.

Kesho yake Susing alihamishia beseni lake la wali mlangoni kwangu. Alisema ni kwa sababu ya wateja. Berting alipowasha kioo, kipandio kilikuwepo, na juu yake umewekwa mwenge. Mbali kidogo, kushoto, mwenge mwingine. Kisha mwingine.

"Fuata," Susing alisema.

Mienge ilipita msituni, ikapita kinamasi, ikafika jangwa ambalo Berting hakuwahi kulikanyaga, kwa sababu fundi anataka miti na jangwani hakuna. Huko mienge ikaanza kushuka chini ya ardhi, kwenye mapango ya popo. Yule mtoto aliogopa popo. Alishakimbia mara nyingi mbele yetu mpaka taji likabaki nyuma. Lita alilijua hilo. Chochote alichokificha, alikificha ambapo mtoto hatafika.

Na Berting naye aliogopa popo.

"Nikifa mlango unafungwa," alisema.

"Najua."

"Mtoto hatanialika tena. Hata mama yake akijua kuna mtu—"

"Najua, Berting. Shuka."

Upanga alikuwa nao wa mbao, alipewa mwanzoni mwa gemu kama kila mtu, hakuwahi kuutoa. Hata huko chini hakuutoa. Alipigana kwa namna yake: zimwi likija anaweka tofali mbele, tofali nyuma, tofali juu, anabaki ndani ya sanduku la mawe, lile linakwaruza nje. Likichoka anabomoa tofali moja, anachungulia, anasogea kidogo. Nilimwona akisafiri hivyo chini ya dunia nzima kama konokono anayejenga gamba kila anapopiga hatua. Na Susing, yule aliyesema ni picha, alikuwa anawapiga popo makofi kwenye kioo changu.

"Chimba shimo wima ushuke."

"Nikianguka nakufa, nikitaka kurudi siwezi. Lazima ngazi."

"Basi ngazi. Mbona umesimama?"

"Imeangukia vibaya. Inataka kimoja zaidi."

"Kuna kitu chenye meno nyuma yako na wewe unahesabu."

"Ndiyo maana nahesabu, Manang."

Kile chenye meno kilimpata. Mioyo yake, ile myekundu ya pembeni inayohesabu uhai, ilikatika mmoja baada ya mwingine mpaka ukabaki nusu. Berting aliweka mawe pande zote, akabaki kwenye kishimo kisichotosha hata kukaa, na nusu ya moyo. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye kibodi na mimi sikuthubutu kumpa kitambaa.

Umeme ukakatika.

Kijiji chote kikanyamaza, hata feni ya jirani. Kioo kilikuwa cheusi, tukajiona sisi watatu ndani yake.

"Amekufa?" Susing aliuliza.

"Sijui."

"Utajuaje kama—"

"Manang, nimesema sijui."

Nilikoroga uji wa mchele na tangawizi juu ya mkaa. Berting alishika bakuli, hakula. Alikuwa anazungumza peke yake, nikasogea nikasikia: dhahabu, fedha, dhahabu, fedha. Lile neno la tatu alikuwa analiruka. Nimezika mume, nimezika kaka zangu, lakini mtu kuhesabu namna ile sikuwahi kusikia, na niliondoka pale nikaenda kukagua dagaa ambao nilishawakagua.

Umeme uliporudi tulisimama wote. Gemu ilikuwa imemtoa na kumrudisha mwanzo, kwenye nyumba ya mbao, hai. Njia yote alipaswa kuianza upya. Lakini ngazi zake zilikuwa zinamngoja kule chini, imara, kila moja imeishia panapofaa. Alizishuka kwa mbio. Sijawahi kumwona Berting akikimbia, hata kwa kidole.

Mwenge wa mwisho ulikuwa mbele ya ukuta wa udongo. Aliuvunja.

Ndani kulikuwa na chumba kikubwa kuliko kasri. Lita alikuwa amekichimba chote, na ukutani amejenga picha kwa matofali ya rangi, tofali moja moja, pengine usiku kwa usiku wakati wenye nyumba wamelala. Ilikuwa ni mji unaoonekana dirishani. Jengo lenye kuba la kijani, kama bakuli lililofunikwa. Bomba la moshi lenye mistari myekundu na myeupe. Reli juu ya nguzo. Chini, duka lenye bango la samaki wa manjano. Na karibu kabisa, dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo kimtu cha gauni la manjano, kimelala. Kando yake bakuli.

"Halina kitu," Susing alisema. "Lile bakuli. Angalia, kaliacha tupu."

Berting alikisogeza kimtu chake mpaka kwenye nondo, kikasimama hapo. Aliweka mwenge. Akaweka mwingine. Aliweka mienge mpaka ikamwishia.

Susing aliipiga picha kwa simu yake, kwa haraka mpaka ya kwanza ikatoka kama ajali ya rangi. Wanawake wa kwetu wamejaa ng'ambo, hakuna nyumba hapa isiyo na binti anayelea mtoto wa mtu mwingine. Picha ilikwenda kwao wote. Jibu la kwanza lilisema ni nzuri, imechorwa na nani. Mwingine akauliza kama Susing amepata kazi ya kushona mazulia. Susing alimjibu maneno ambayo siyarudii.

Kisha akajibu binti wa kijiji cha pili, anayemtunza mzee kitandani huko ng'ambo. Alisema bomba lile analiona kila akienda kanisani, na samaki yule wa manjano anamjua, hapo ananunua kamba wabichi. Alisema atakwenda na watu wa ubalozi. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani.

Tulingoja. Mvua iliendelea. Berting alihamia kwenye kile chumba cha chini. Alijenga kitanda kando ya nondo, meza, jiko dogo, endapo Lita ataingia. Hakulala kwake wala hakunyoa. Nilimwambia panya wameanza kumzoea, wanamwachia makombo.

Na asubuhi moja aliwasha kioo, akaingiza sarafu yenye uzi, na mahali pa dunia pakawa na maandishi mekundu. Mtoto wa shule aliyekuwa kwenye mashine ya jirani akasoma: dunia hii haipo tena.

Berting aliivuta sarafu. Akaitumbukiza tena. Akaivuta.

"Wamejua," Susing alisema. "Wamemwona mtu kule chini, wamefuta kila kitu."

"Hujui."

"Mienge ile yote, Berting. Chumba kizima kilikuwa kinawaka kama sherehe ya mtakatifu. Nani alikwambia uweke mienge yote ile?"

"Alikuwa gizani."

"Ilikuwa ni picha."

"Sasa imekuwa picha tena?"

"Yule mama kachungulia kwenye kifaa cha mtoto, kaona. Na sasa dada yangu..." Hakumaliza. Alishika beseni lake kama anayetaka kuondoka, akaliweka tena. "Ungeacha kipandio kile siku ya kwanza. Siku ya kwanza tu. Angekuwa nyumbani sasa hivi."

Berting alikubali kwa kichwa. Alikubali tena na tena, kama anayekubali bei.

"Susing, basi," nilisema.

"Usiniambie basi, Lola. Wewe ndiye uliyempa sarafu yenye uzi. Angekuwa anakosa hela angetoka hapa akaenda kumtafuta mke wake kama mwanamume."

"Angemtafutia wapi, kwenye gunia langu la mchele?"

"Huko mjini, kwa wakala, angevunja hata mlango. Amekaa. Mwaka mzima mwanamume amekaa. Nilimwambia Lita siku ya harusi, huyu anajua kujenga nyumba lakini siku ikiungua atasimama nje ahesabu—"

Pazia la mlangoni likavutwa. Alikuwa Kap, mwenyekiti wetu wa kijiji, amelowa mpaka kwenye soksi, simu ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua kama mtu aliyebeba mchuzi wa moto.

"Yuko ubalozini tangu jana," alisema. "Chaji inaisha. Berting, chukua."

Ndani ya simu kulikuwa na sauti ya mwanamke akiuliza kama Berting ameshakula. Susing alibaki mdomo wazi, na neno lake liko humo hadi leo.